Misa ya Magila, Ibada ya Bunda: Kwa Nini Waanglikana Hawasali kwa Namna Moja, na Sisi Tunajifunza Nini



Likizo iliyopita tulikuwa mafrateri wawili tuliopangiwa kazi za kichungaji katika kata ya Manyamanyama, mjini Bunda. Jumamosi moja asubuhi tulisali na jumuiya ndogo ndogo iliyokutana chini ya mwembe, nyumbani kwa mwanajumuiya. Baada ya Injili, sadaka na matangazo, watu wakaanza kutawanyika kwenda mashambani na sokoni. Mama mmoja wa makamo akabaki. Tulipomsogelea na kumwamkia, akaitikia, kisha akasema: "Mafrateri, mimi nina swali, ila msinicheke."

Mama huyu ni Mkatoliki. Mume wake ni Mwanglikana, na walifunga ndoa kanisani kwetu kwa kibali cha Askofu. Ameshaingia mara nyingi katika kanisa la mumewe hapa Bunda, kwenye harusi na misiba. Anaifahamu ibada yao: nyimbo nyingi, mahubiri marefu, mchungaji mwenye kanzu nyeupe na skafu nyeusi, meza ya kawaida mbele. Hajawahi kushawishika kupokea chochote pale, kwa sababu aliona wazi kwamba yuko ugenini.

Kisha wakafiwa na shangazi wa mume, aliyeolewa Muheza, mkoani Tanga. Walisafiri kwenda kumzika, na ibada ikafanyika Magila. Nao ni Waanglikana. Lakini alichokiona mama yetu kilimshtua. Padre alivaa kasula. Kulikuwa na ubani na maji ya baraka. Pembeni palikuwa na tabernakulo na taa nyekundu ikiwaka. Watu walipiga goti, walimwombea marehemu, na mkesha wa usiku uliotangulia walisali Salamu Maria. Kengele ililia wakati wa kuinua Hostia. "Nikasimama kwenye mstari," alisema, "nikasogea hatua mbili tatu, kisha miguu ikakataa. Nikarudi kukaa. Mume wangu akapokea, mimi nikabaki nalia, na watu wakadhani namlilia shangazi. Sasa naombeni mnieleze. Wale wa Magila na hawa wa Bunda ni kanisa moja au mawili? Na kama padre yule anafanya yote kama wetu, kosa langu lingekuwa wapi?"

Tulimjibu kwa kifupi siku ile, lakini tulijua kwamba jibu letu halikutosha. Tuliporudi seminarini tulilichukua swali lile kama deni. Makala hii ni jaribio la kulilipa, kwa ajili yake na kwa ajili ya familia nyingi za Mara zinazoishi katika ndoa mseto.

Mito miwili iliyoingia nchini

Swali la kwanza lina jibu rahisi: ni kanisa moja. Magila na Bunda wote wako chini ya Kanisa Anglikana Tanzania, wana askofu mkuu mmoja na sinodi moja. Tutahadhari tu na maneno. Sisi Wakatoliki tukisema "jimbo" tunamaanisha eneo la askofu mmoja. Waanglikana eneo hilo huliita dayosisi, na kwao "jimbo" ni muungano wa dayosisi zote za nchi.

Tofauti aliyoiona mama ilitokana na historia. Uanglikana uliingia Tanzania kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya UMCA, yaani Misioni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati. Ilizaliwa baada ya hotuba aliyoitoa David Livingstone huko Cambridge mwaka 1857. Baada ya jaribio gumu katika nchi ambayo leo ni Malawi, wamisionari hao walihamia Zanzibar mwaka 1864 chini ya Askofu Tozer. Mwaka 1873 walianza kujenga kanisa kuu la Mkunazini mahali palipokuwa na soko la watumwa. Kutoka kisiwani wakaenda Magila, Masasi na Nyasa. Wengi wao walilelewa katika Vuguvugu la Oxford, lililoanza mwaka 1833 kwa lengo la kulirudishia Kanisa la Uingereza urithi wake wa kale: maaskofu waliorithi mitume, sakramenti, watawa, uzuri wa liturujia. Mmoja wa viongozi wa vuguvugu hilo alikuwa John Henry Newman, ambaye aliingia Kanisa Katoliki mwaka 1845 na kutangazwa mtakatifu mwaka 2019. Wenzake waliobaki ndio waliopanda mbegu iliyofika Magila.

Njia ya pili ni ya CMS, chama cha misioni kilichoundwa London mwaka 1799. Hawa walikuwa Waanglikana wa mwelekeo wa kiinjili. Kwao kiini cha yote ni Biblia, wongofu wa moyo, na wokovu kwa imani katika msalaba wa Kristo. Walipita Mpwapwa na Ukaguru katika miaka ya 1870 wakielekea Uganda. Mwaka 1927 iliundwa Dayosisi ya Tanganyika ya Kati, makao yake Dodoma, na askofu wake wa kwanza, George Chambers, alitoka Australia. Kutokana na dayosisi hiyo ikazaliwa ya Victoria Nyanza mwaka 1963, na kutokana na Victoria Nyanza ikazaliwa Dayosisi ya Mara mwaka 1985, makao yake Musoma. Ongezea uamsho wa walokole uliotoka Rwanda na kuingia Bukoba mwishoni mwa miaka ya 1930, ukafundisha watu kuungama dhambi hadharani na kushuhudia siku waliyookoka. Huo ndio Uanglikana unaofahamika Bunda.

Kwa muda mrefu pande hizo mbili hazikukutana sana. Hata mapadre wao waliandaliwa katika vyuo tofauti: wa upande wa CMS huko Kongwa, katika Chuo cha Mtakatifu Filipo, na wa upande wa UMCA katika vyuo vyao wenyewe, kama kile cha Mtakatifu Marko. Matokeo yake yanasikika katika maneno. Upande mmoja watu husema Misa, padre, altare. Upande mwingine husema Ushirika Mtakatifu au Chakula cha Bwana, mchungaji au kasisi, meza. Maneno haya hayakuchaguliwa kwa bahati. Anayesema altare anafikiria sadaka. Anayesema meza anafikiria karamu ya ukumbusho.

Kitabu kimoja chenye sauti mbili

Msomaji atauliza: inawezekanaje watu wenye imani tofauti kiasi hicho kuwa kanisa moja tangu mwanzo? Hapa inabidi turudi Uingereza ya karne ya 16.

Baada ya Mfalme Henry VIII kujitenga na Roma mwaka 1534, Kanisa la Uingereza lilihitaji kuamua litasali vipi. Kitabu cha Sala cha kwanza kilitoka mwaka 1549. Katika kitabu hicho, mhudumu alipompa mwamini Komunyo alitaja Mwili wa Bwana uliotolewa kwa ajili yake, umlinde hata uzima wa milele. Mkatoliki angeweza kuyasikia maneno hayo bila kushtuka. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1552, kilitoka kitabu cha pili chenye msimamo mkali zaidi wa Kiprotestanti. Maneno yale yaliondolewa. Badala yake mwamini aliambiwa atwae na ale kwa kukumbuka kwamba Kristo alikufa kwa ajili yake, na amle moyoni kwa imani. Hapo hakuna tena tamko kwamba kilicho mkononi ni Mwili wa Bwana.

Mwaka 1559 Malkia Elizabeth wa Kwanza alikuta taifa limechoka kwa ugomvi wa dini. Kitabu kilichotoka mwaka huo kiliunganisha sentensi zote mbili, ya kwanza ikifuatiwa na ya pili, na kitabu cha mwaka 1662 kiliendelea hivyo. Basi kila mwamini aliyepiga magoti alisikia yote mawili, akachukua lile linalolingana na imani yake. Ibada ilikuwa ya lazima kwa wote, lakini maana yake iliachiwa nafasi.

Ibara 39 za mwaka 1571 nazo zilifanya jambo linalofanana na hilo. Ibara ya 28 inakataa fundisho la mageuzi ya mkate kuwa Mwili, lile ambalo Mtaguso wa Trento ulilithibitisha mwaka 1551. Lakini ibara hiyo hiyo inasema Mwili wa Kristo hupokelewa kwa namna ya kimbingu na ya kiroho. Wa kiinjili husoma nusu ya kwanza kwa sauti kubwa. Wa upande wa Oxford husoma nusu ya pili.

Sisi tunaosoma falsafa tulikumbuka hapa somo la mwanzo kabisa la Aristotle: vitu viwili vinaweza kushiriki jina moja huku maana zake zikiwa mbali. Waanglikana waliamua kuishi na hali hiyo, na hawakufanya hivyo kwa ujinga. Walitumaini kwamba watu wanaosali pamoja kwa maneno yaleyale, mwaka baada ya mwaka, wataendelea kuwa familia moja hata kama hawakubaliani katika kila fundisho. Ni tumaini linalostahili heshima, na limedumu karne nyingi. Lakini Afrika Mashariki ni mahali ambapo lilijaribiwa hadharani.

Kikuyu, 1913

Mwezi Juni 1913 wamisionari wa madhehebu mbalimbali walikutana Kikuyu, nchini Kenya, katika misioni ya Kanisa la Scotland. Walikuwapo Waanglikana wa CMS, Wapresbiteri, Wamethodisti na wengineo. Tatizo lao lilikuwa la kweli. Mkristo wa Kiafrika aliyehama kutoka eneo la misioni moja kwenda la nyingine alijikuta ghafla ni mgeni, kana kwamba Kristo wa huku si wa kule. Wakapendekeza shirikisho la makanisa. Mwisho wa mkutano, Askofu William Peel wa Mombasa aliongoza ibada ya Komunyo kwa utaratibu wa Kianglikana, ndani ya kanisa la Kipresbiteri, na wajumbe wa madhehebu mengine wakapokea.

Habari zilipofika Zanzibar, Askofu Frank Weston wa UMCA aliwaka. Aliwashtaki Askofu Peel na mwenzake John Willis wa Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson, akidai kwamba wameshiriki uzushi na utengano. Hoja yake haikuwa chuki kwa Wapresbiteri. Alisema hivi kwa ufupi: ikiwa askofu si wa lazima kwa Kanisa, basi tuambiwe waziwazi, na ikiwa ni wa lazima, hatuwezi kuwapa Komunyo wasio na maaskofu kana kwamba hilo si kitu. Aliona kwamba kile kilichofanyika altareni kimekwisha kujibu swali ambalo hakuna sinodi iliyolijibu.

Ubishi ulivuka bahari, magazeti ya London yakaandika, na maaskofu wakaketi kushauriana mwaka 1914. Mwaka 1915 Askofu Mkuu Davidson alitoa jibu lake. Hakumhukumu yeyote, lakini alishauri ibada ya namna ile isirudiwe. Waingereza wenyewe walitania kwamba jibu lilikuwa hivi: ibada ya Kikuyu ilimpendeza Mungu sana, na kwa vyovyote isifanyike tena.

Ni haki kusema kwamba Weston hakuwa mtu wa kupenda ugomvi tu. Mwaka 1918 alirudi Kikuyu kwenye mkutano wa pili, akaleta mapendekezo yake ya umoja uliojengwa juu ya uaskofu. Wakati wa vita alikuwa ameongoza yeye mwenyewe wapagazi wa Zanzibar, na baada ya vita aliandika akiipinga kazi ya kulazimishwa waliyobebeshwa Waafrika. Alifia Hegongo, Magila, mwezi Novemba 1924. Alifundisha kwamba anayemwabudu Yesu katika Sakramenti hana ruhusa ya kumdharau Yesu katika maskini. Tungependa sisi Wakatoliki tusichoke kuisikia sauti hiyo, ingawa ilitoka kwa jirani.

Jimbo moja, desturi mbili

Baada ya uhuru, Waanglikana wa Tanzania wangeweza kugawanyika makanisa mawili. Hawakufanya hivyo. Mwaka 1960 dayosisi za Kenya na Tanganyika zilikuwa zimeunganishwa kuwa jimbo moja la Afrika Mashariki, na mwaka 1970 Tanzania ikawa jimbo linalojitegemea, lenye dayosisi za UMCA na za CMS pamoja. Askofu mkuu wa kwanza, John Sepeku wa Dar es Salaam, alitoka upande wa UMCA. Aliyemfuata, Musa Kahurananga wa Tanganyika Magharibi, alitoka upande wa CMS. Baada yake akaja John Ramadhani wa Zanzibar, wa UMCA tena. Inaonekana wazi kwamba pande zote mbili zilijitahidi kuketi katika kiti kimoja.

Lakini desturi zilibaki. Mwanglikana wa Bunda akihamia Muheza hujifunza upya lini apige goti. Zipo tofauti nzito zaidi ya ubani. Baadhi ya dayosisi huwapa wanawake daraja la ukasisi. Nyingine, hasa zile za asili ya UMCA, kwa kawaida hazifanyi hivyo. Wapo wanaowaombea marehemu, na wapo wanaoona kufanya hivyo ni kinyume cha Maandiko. Hiyo ndiyo sababu mazishi ya shangazi yalimshangaza hata mume wa mama yetu. Alituambia kwamba mumewe naye, njiani wakirudi, aliuliza kwa nini walimwombea mtu aliyekwisha kufa.

Mwezi Februari 2007 swali la Kikuyu lilirudi nyumbani kwa njia nyingine. Maaskofu wakuu wa Waanglikana wa dunia nzima walikutana Dar es Salaam. Ugomvi ulikuwa juu ya Kanisa la Episkopali la Marekani, ambalo mwaka 2003 lilikuwa limemweka wakfu askofu aliyeishi waziwazi katika uhusiano na mwanamume mwenzake. Maaskofu Waanglikana wa Tanzania, wa UMCA na wa CMS kwa pamoja, walikuwa wametamka Desemba 2006 kwamba ushirika wao na kanisa hilo umejeruhiwa. Katika mkutano ule baadhi ya maaskofu wakuu walikataa kupokea Komunyo pamoja na kiongozi wa kanisa la Marekani. Jumapili ya mkutano huo walivuka kwenda Zanzibar, kwenye kanisa kuu la Mkunazini, lile lile ambalo Weston alikuwa askofu wake.

Fikirini, wapendwa. Miaka zaidi ya 90 ilikuwa imepita. Safari hii waliojizuia walikuwa wengi wao watu wa mwelekeo wa kiinjili, watoto wa kiroho wa wale wa Kikuyu waliowahi kufungua meza kwa wote. Hata familia iliyozoea kuvumilia tofauti ilifika mahali ikasema: hapa mezani hatuwezi kujifanya. Kupokea pamoja ni kusema jambo, na jambo hilo ama ni kweli ama si kweli.

Kanisa letu linasema nini

Hapo ndipo tunapoweza kuelewa msimamo wa Kanisa Katoliki bila kuuona kama ukatili. Kuna msemo wa kale wa Kilatini, *lex orandi, lex credendi*: kanuni ya kusali ni kanuni ya kusadiki. Tunavyosali huonyesha tunachosadiki. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Uekumene ya mwaka 1964, unafundisha kwamba kushiriki pamoja sakramenti kunaongozwa na mambo mawili: ni ishara ya umoja wa Kanisa, na ni njia ya kupata neema. Jambo la kwanza mara nyingi huzuia. La pili mara nyingine huruhusu. Hati hiyo hiyo inasema kwamba kati ya jumuiya zilizojitenga na Roma katika karne ya 16, ile ya Kianglikana ina nafasi ya pekee, kwa sababu ndani yake mapokeo ya Kikatoliki yamebaki kwa sehemu. Mama yetu aliliona hilo kwa macho yake Magila.

Kwa sheria, mambo yako hivi. Ubatizo wa Waanglikana tunaukubali, wala Mwanglikana anayeingia Kanisa Katoliki habatizwi tena. Kuhusu daraja lao la upadre, Papa Leo XIII, katika barua *Apostolicae Curae* ya mwaka 1896, aliamua kwamba ni batili, kwa kuwa ibada ya karne ya 16 iliyotumika kulitoa ilibadilishwa katika umbo na katika nia, hasa nia ya kutoa sadaka ya Misa. Uamuzi huo haujabadilishwa. Kwa hiyo kanuni ya 844 inapomruhusu Mkatoliki, katika shida kubwa, kupokea sakramenti kwa mhudumu asiye Mkatoliki, inahusu makanisa ambayo sakramenti hizo ni halali kwayo, kama Waorthodoksi. Haiwahusu Waanglikana. Kwa upande wa pili, Mwanglikana aliye katika hatari ya kufa, au katika shida nyingine nzito kadiri ya uamuzi wa Askofu, akiwa hawezi kumpata mhudumu wake, akaomba mwenyewe, akakiri imani ya Kikatoliki juu ya sakramenti hiyo na kuwa na moyo ulio tayari, anaweza kuipokea kwetu. Mambo hayo ni ya kumpelekea Baba Paroko, si ya kuamua wenyewe kwenye mstari.

Na mlango haukufungwa. Mwaka 1966 Papa Paulo VI alipokutana Roma na Askofu Mkuu Michael Ramsey wa Canterbury alimvisha pete yake ya kiaskofu. Tume ya pamoja iliyofuata ilitoa mwaka 1971 tamko lake la kwanza juu ya Ekaristi, na mazungumzo yanaendelea. Mwaka 2009 Papa Benedikto XVI aliweka utaratibu wa Waanglikana wanaotaka kuingia katika umoja kamili huku wakihifadhi sehemu ya urithi wao wa liturujia.

Umoja uko wapi?

Sasa tunaweza kulijibu swali la pili la mama: kama padre yule anafanya yote kama wetu, kosa liko wapi?

Tuchukue mfano. Kama mama huyu angesafiri kwenda Addis Ababa akaingia katika kanisa la Wakatoliki wa mapokeo ya Ge'ez, angejisikia mgeni kabisa. Lugha hangeielewa, ngoma na njuga zingemshangaza, sala zingekuwa ndefu, na hangejua lini akae wala lini asimame. Magila angejisikia nyumbani mara mia zaidi. Lakini Addis Ababa angeweza kupokea Komunyo bila wasiwasi, na Magila hapana. Kwa nini? Kwa sababu kule Addis Ababa mavazi na nyimbo ni tofauti, lakini imani, sakramenti na ushirika na Papa ni vilevile. Magila mavazi na nyimbo vinafanana na vyetu, lakini ushirika huo haujakamilika. Waanglikana walitafuta umoja kwa kuwa na kitabu kimoja huku imani zikiachiwa nafasi. Kanisa Katoliki linatafuta umoja katika imani moja, huku kusali kukiachiwa nafasi: kuna mapokeo ya Kirumi, ya Ge'ez, ya Bizanti na mengine, na hata Misale ya majimbo ya Kongo iliyoidhinishwa mwaka 1988.

Tukisema hivyo, tusijivune. Sisi nasi tumegombana juu ya liturujia. Utaratibu wa Misa ya kale ulipanuliwa mwaka 2007 na kubanwa tena mwaka 2021, na wapo Wakatoliki waliosemana vibaya kwa sababu hiyo. Wapo pia kati yetu wanaopokea Komunyo kila Jumapili bila kujiuliza wanasadiki nini. Mwanglikana wa Magila anayepiga goti mbele ya tabernakulo kwa moyo wote anatufundisha. Mwanglikana wa Bunda anayeijua Biblia yake kurasa kwa kurasa naye anatufundisha. Mtu anaweza kuwa na imani sahihi vitabuni na moyo mvivu kanisani.

Tulichomwambia mama

Kabla likizo haijaisha tulimtembelea mama nyumbani kwake, na mume wake akawapo. Tulimwambia: mama, miguu yako ilifanya vizuri. Lakini usidhani ulikaa chini kwa sababu watu wale ni wabaya au kwa sababu sala zao hazisikiki. Ulikaa kwa sababu ungesema "Amina" kwa umoja ambao bado haujapatikana. Machozi yako yalikuwa sala ya kweli kuliko kujifanya.

Mume akauliza: "Basi sisi wawili tunashirikiana nini?" Tukamwambia, mzee, mnashirikiana mengi. Ubatizo ni mmoja. Neno la Mungu ni moja. Ndoa yenu ni sakramenti, kwa kuwa nyote mmebatizwa. Salini pamoja jioni, someni Injili ya Jumapili pamoja, waombeeni watoto pamoja. Mama aliahidi kabla ya ndoa kufanya yote awezayo ili watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki, na wewe ulijulishwa. Ahadi hiyo itimizwe bila kuifanya dini ya baba kuwa mzaha mbele ya watoto.

Kwa wasomaji wetu tuna ombi moja. Kila mwaka, kuanzia tarehe 18 hadi 25 Januari, ni Juma la Kuombea Umoja wa Wakristo. Katika vigango vyetu vingi juma hilo hupita kimya. Mwaka ujao jumuiya zetu zitenge jioni moja, ziwaalike majirani Waanglikana, Wamenoniti na wengine, tusome Maandiko na kusali pamoja Baba Yetu. Hatutashiriki altare jioni hiyo. Lakini tutamwomba kwa sauti moja yule aliyesali usiku ule kabla ya mateso yake ili wote wawe kitu kimoja.

Tulipoaga, mzee alitusindikiza hadi barabarani. Mama alibaki mlangoni akituambia tumsalimie Baba Gombera. Kisha akaongeza: "Na mkipewa upadre, msisahau kutuombea sisi tunaokaa nyumba moja na kusali makanisa mawili."

Hatutasahau, mama.